Mwaka wa Pili Utaishi na Nani?



Vijana wenzangu, somo la leo ni la wale wanaojiandaa kurudi chuoni kuanza mwaka wa pili, na hasa ninyi mnaotoka kwetu huku juu, Kasulu na Kibondo. Wengi wenu mko likizo sasa hivi. Mnapalilia maharage, mnasaidia dukani, mnaimba kwaya parokiani. Kichwani kuna hesabu za ada, mkopo na nauli ya basi. Lakini kuna swali moja ambalo wengi hulisogeza mbele mpaka wiki ya kufungua chuo: mwaka huu utalala wapi, na utaishi na nani?

Mwaka wa kwanza swali hilo ulijibiwa na chuo. Ulipewa kitanda, ukakuta rumeti ambao hukuwachagua, mkazoeana. Mwaka wa pili mambo hubadilika, kwa sababu vyuo vingi hutoa kipaumbele cha hosteli kwa wanaoingia. Mnaanza kutafutana: wawili wanachukua chumba mtaani, wanne wanachukua nyumba yenye sebule, jiko na choo kimoja. Wenye bahati wanabaki hosteli, na wao pia safari hii wanaweza kujipanga na watu wao.

Nataka tuone pamoja kwamba uchaguzi huu ni jambo la imani, na siyo la godoro na kodi tu. Watu utakaoishi nao mwaka huo watagusa masomo yako, sala yako, usafi wako wa moyo na hata wito wako.

Maandiko ya somo

Fungua Biblia yako usome mwenyewe: Matendo ya Mitume 4:32-35, kisha Matendo 6:1-6. Soma yote mawili, usiishie la kwanza.

Somo la kwanza tunalipenda sana. Waamini wana moyo mmoja, hakuna anayeshika mali yake kama yake peke yake, na hakuna mwenye kupungukiwa. Likisomwa kanisani tunasema "Tumshukuru Mungu" na tunatamani nyumba yetu iwe hivyo.

Geuza kurasa chache ufike sura ya 6. Watu wale wale wa moyo mmoja wanalalamikiana, na ugomvi wenyewe ni wa chakula! Wajane wa upande mmoja wanaachwa katika mgao wa kila siku. Yaani Kanisa la mwanzo kabisa, lenye Mitume ndani yake, lilipata ugomvi wa jikoni.

Tazama Mitume walivyofanya. Hawakusema "tuombe tu, yatapita." Hawakuwakemea walalamikaji kwamba hawana upendo. Waliita watu wote, wakalizungumza jambo waziwazi, wakawaagiza wachague watu saba wa kusimamia mgao. Halafu wakawaombea na kuwawekea mikono. Mpango na sala vilikwenda pamoja.

Hilo ndilo fundisho letu la leo: upendo unaoishi chini ya paa moja unahitaji makubaliano yaliyo wazi. Usipokuwa nayo, upendo huo huo unageuka manung'uniko.

Sisi wa Kasulu na Kibondo jambo hili halitakiwi kuwa geni kwetu. Wilaya zetu zimepokea wageni kwa wingi: Warundi baada ya 1993, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, kisha Warundi tena mwaka 2015. Mwenye ndugu aliyewahi kufanya kazi kambini amuulize. Kuna usajili, kuna kadi ya mgao, kuna foleni ya maji. Haya hayakuwekwa kwa kukosa huruma. Bila utaratibu, mwenye nguvu angebeba viwili na mjane angerudi na ndoo tupu.

Hali ilivyo vyuoni

Tusiwalaumu vijana kwamba wanapenda kuishi mtaani. Vitanda ni vichache. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli mpya ambazo watu wanaziita Hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini chuo kile kina wanafunzi wengi kuliko hapo kwa mbali. Dodoma, Mwanza na Mbeya utasikia hadithi inayofanana. Ndiyo maana mitaa iliyo jirani na vyuo imejaa mageto.

Na hela? Mwenye mkopo wa Bodi hupata ya chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, kutoka 8,500 ya awali. Bumu lenyewe huingia kwa mkupuo, halafu kunakuwa na ukame mrefu. Asiye na mkopo anategemea baba auze maharage au mbuzi. Kwa hiyo kushirikiana nyumba ni lazima kwa wengi wetu. Swali ni tunashirikiana vipi.

Chumba kimoja, watakatifu watatu

Kanisa lina kisa cha marumeti ambacho kila mwanachuo Mkatoliki anapaswa kukijua. Mwaka 1529, katika chuo cha Sainte-Barbe jijini Paris, wanafunzi watatu walijikuta chumba kimoja. Wa kwanza alikuwa Petro Faber, mtoto wa wakulima wa milimani Savoy, ambaye utotoni alichunga kondoo. Wa pili, Fransisko Ksaveri, alitoka familia ya kikabaila ya Navarra, mwanamichezo, mwenye ndoto za cheo. Wa tatu alikuwa mzee kwao, karibu miaka 38: Inyasi wa Loyola, askari wa zamani aliyevunjwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521.

Hawakuwa wa kufanana. Inyasi alihangaika na masomo, na Faber akawa anamfundisha falsafa. Inyasi naye alimsaidia Faber, aliyekuwa anateswa na hofu za dhamiri, akijiona kila wakati mkosaji. Ksaveri kwa muda mrefu hakutaka kusikia habari za Inyasi. Inyasi hakumlazimisha wala hakumsusa. Alikaa naye, akamsaidia katika shida za kawaida, akasubiri. Faber aliandika baadaye kwamba walishirikiana chumba, meza na hata mfuko wa fedha.

Tarehe 15 Agosti 1534 hao watatu pamoja na wenzao wanne waliweka nadhiri katika kilima cha Montmartre. Mwaka 1540 Papa Paulo III aliidhinisha Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Ksaveri akaelekea India, na mwaka 1542 chombo chake kikatia nanga Malindi, pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki. Inyasi na Ksaveri walitangazwa watakatifu mwaka 1622. Faber alisubiri mpaka 2013, alipotangazwa na Papa Fransisko.

Sisemi kwamba geto lenu litazaa shirika la kitawa. Angalia tu mambo matatu. Mmoja alikuwa na akili ya darasani akaitoa kwa mwenzake. Mwingine alikuwa na uzoefu wa roho akautoa. Na aliyekuwa mgumu hakufukuzwa. Usitafute watu wanaofanana nawe kwa kila kitu. Tafuta watu wanaokubali kupokea na kutoa.

Mambo matano ya kukubaliana kabla ya kulipa kodi

*1. Hela: hesabuni kwa sauti*

Yesu katika Luka 14:28-30 anamsema mtu anayeanza mnara bila kukaa chini na kupiga hesabu. Kaeni chini. Tuseme kodi ni 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Hiyo ni 360,000. Mkiwa watatu, kila mmoja ni 120,000, kabla hamjanunua LUKU, maji, gesi na kufuli la mlango.

Sasa ulizaneni bila aibu: nani bumu lake linaingia? Nani anategemea nyumbani? Likichelewa, nani anatanguliza, na atarudishiwa lini? Andikeni kwenye daftari. Wengine wanaona kuandikiana ni kutoaminiana. Ukweli ni kwamba daftari ndilo linalolinda urafiki, kwa sababu baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka sawasawa nani alinunua mtungi.

Na mwenye kidogo asionewe. Asiyeweza kutoa sawa na wengine anaweza kuja na gunia la maharage kutoka Kasulu au dumu la mawese. Hiyo nayo ni hela. Ihesabuni.

*2. Jiko, maji na usafi: zamu*

Soma Luka 10:38-42. Tunamsifu Maria, na ni haki, lakini usiitumie Injili hiyo kumkimbia ndoo. Kuna kijana anayeongoza rozari vizuri sana huku sufuria zake zinalala siku tatu. Mwenzake anaziosha kimyakimya. Wiki ya nne haoshi tena. Wiki ya tano hawasalimiani.

Wekeni zamu ukutani: kupika, kuosha vyombo, kuchota maji, kusafisha choo. Ndugu zangu wavulana, zamu ya choo ni yenu pia. Na ratiba ya mitihani iheshimiwe. Mwenye mtihani kesho apumzishwe zamu, na saa za kusoma redio ishushwe.

*3. Wageni, na habari ya "kubebana"*

Wanachuo mnajua kubebana: rafiki asiye na nafasi analala kwenye kitanda chako bila kusajiliwa. Mara nyingi kinachosukuma ni huruma ya kweli, na mimi huruma hiyo naiheshimu. Lakini jiulize mambo mawili. Je, wenzako wa chumba wamekubali, au umewabebesha mzigo ambao hukuwauliza? Na je, mnamdanganya msimamizi au mwenye nyumba? Upendo unaohitaji uongo kila asubuhi hauna miguu ya kusimamia.

Kama mwenzenu amekwama, fanyeni kama Mitume: iteni watu, lizungumzeni. Mwenye nyumba aambiwe. Kiongozi wa TMCS aambiwe. Mkubaliane ni wiki mbili au ni muhula mzima, na atachangia nini. Hapo mmemsaidia mtu bila kumfanya ajifiche.

*4. Mvulana na msichana nyumba moja*

Hapa niseme polepole, maana ndipo wengi wanapoumia.

Wengi hawaanzi na tamaa. Wanaanza na kodi. Binti hana hosteli, bumu halijaingia, nyumbani Kibondo mazao hayajauzwa. Kaka mmoja mwenye chumba anamwambia: "Njoo ukae kwangu kwa muda, dada, mpaka mambo yako yakae sawa." Maneno mazuri, na huenda siku hiyo ana nia njema. Lakini mwezi wa pili mtu anayelala bure anakosa nguvu ya kusema hapana. Akikataa, anaenda wapi usiku? Deni la kodi linageuka deni la mwili. Wapo pia wapenzi wanaosema wanabana matumizi, wakaanza kuishi kama mke na mume bila ndoa, bila wazazi kujua.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2390, inafundisha kwamba tendo la ndoa lina mahali pake ndani ya ndoa tu. Na namba 2347 inauunganisha usafi wa moyo na urafiki, kwamba fadhila hiyo huchanua ndani ya urafiki wa kweli. Rafiki wa kweli hakuweki mahali ambapo huwezi kukataa.

Kwa hiyo kaka, ukitaka kumsaidia dada, msaidie apate nafasi kwa dada wenzake, hata kama utachangia hela. Na ninyi wadada mliokwisha kupata nyumba, kabla hamjasema "tumejaa," ulizeni kama kuna mwenzenu wa kwaya au wa jumuiya anayehangaika. Godoro moja sebuleni kwenu linaweza kuokoa mengi.

Na wewe ambaye tayari uko ndani ya hali hiyo, usiikimbie Misa kwa aibu. Mwone padre mlezi, pokea Sakramenti ya Kitubio, na mwambie mtu mmoja unayemwamini akusaidie kupata pa kwenda. Jumuiya nayo isikufanye habari ya kusimulia. Ikutafutie kitanda.

*5. Sala ya nyumba*

Msijiwekee mlima. Nyumba nyingi huanza na novena, rozari nzima na masifu, na wiki ya pili hakuna kilichobaki. Anzeni na kidogo kinachodumu: sala fupi kabla ya kula, na siku moja kwa wiki kusoma pamoja Injili ya Dominika ijayo kwa nusu saa. Huko nyumbani mmezoea Jumuiya Ndogo Ndogo, majirani wanakutana mara kwa mara, leo kwa mama huyu, kesho kwa mzee yule. Ipelekeni desturi hiyo chuoni. Kama mwenzenu ni Mlutheri, Mpentekoste au Mwislamu, msimlazimishe na msimfiche imani yenu. Mheshimu saa yake ya sala, naye aheshimu yenu.

Yakitokea maudhi

Yatatokea. Yesu alijua, ndiyo maana Mathayo 18:15-17 ina hatua. Kwanza wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo jumuiya. Sisi tunaanzia mwisho: tunaanza na stetasi ya WhatsApp yenye mafumbo, kisha marafiki wote wanajua, na mhusika anasikia wa mwisho. Geuza utaratibu. Sema mapema, sema kwa upole, sema jambo na siyo mtu: "Kaka, vyombo vya jana bado vipo," badala ya "wewe ni mchafu."

Na kama mmejaribu yote na imeshindikana? Soma Mwanzo 13. Abrahamu na Loti walikuwa ndugu, na nchi ikawa haiwatoshi pamoja. Abrahamu, aliyekuwa mkubwa, alimpa mdogo nafasi ya kuchagua kwanza, wakaachana kwa amani. Sura inayofuata Loti anatekwa, na anayemfuata kumwokoa ni Abrahamu huyo huyo. Kuachana nyumba siyo lazima kuwe kuachana udugu. Lipa deni lako, rudisha ufunguo, salimianeni.

Kwa ninyi mnaopangiwa

Wapo wasomaji walio Chuo cha Ualimu Kasulu na vyuo vingine vya bweni, ambao hawachagui wa kulala naye. Msione somo hili haliwahusu. Hao watatu wa Paris nao walikutanishwa na chuo. Na ninyi mtakuwa walimu na wauguzi, mara nyingi mkiishi nyumba za watumishi vijijini, mlango kwa mlango na wenzenu. Unayejifunza leo kushirikiana bomba moja la maji bwenini, kesho utakuwa jirani mwema huko Heru Juu au Mabamba.

Maswali ya kutafakari

1. Kati ya wale ninaofikiria kuishi nao, ni nani atanisaidia kusoma na kusali, na mimi nitampa nini?
2. Ni jambo gani la hela ninaona aibu kulisema kabla hatujahamia? Nitalisema lini?
3. Je, namfahamu mwanachuo mwenzangu anayetoka Kasulu au Kibondo ambaye hana pa kulala muhula ujao?
4. Katika nyumba niliyoishi mwaka jana, kuna mtu niliyeondoka bila kumsalimia?

Azimio la wiki

Wiki hii wapigie simu wale unaotaka kuishi nao. Kaeni, hata kwa simu, mpitie mambo matano ya hapo juu moja moja, na mmoja wenu aandike. Kisha kila mmoja amwambie mzazi au mlezi wake ukweli wote: nyumba iko mtaa gani, wanaokaa ni akina nani, kodi ni kiasi gani. Ukiona kuna jambo huwezi kumwambia mama, basi hilo ndilo la kuzungumza kwanza.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyekaa Nazareti katika nyumba ya kawaida, ukila chakula cha mama yako na kufanya kazi ya mikono, tazama nyumba tutakazoingia mwaka huu. Utupe wenzetu wa kutusaidia kukupenda. Utupe ujasiri wa kusema mapema na unyenyekevu wa kuosha vyombo visivyo vyetu. Umkumbuke asiye na kitanda, na utuonyeshe kama ni sisi uliotutuma kwake. Kwa maombezi ya Mtakatifu Inyasi, Mtakatifu Fransisko Ksaveri na Mtakatifu Petro Faber. Amina.

Basi, wapendwa, safari njema za kurudi chuoni. Mkifika, salimianeni.